Sanduku la Ubishi: Bi Mpishi anajibu

Mwezi huu barua zimezidi nafasi, na karibu zote zinaishia na sentensi ile ile: "Tuamulie, nani mkweli?" Jamani, mie si kadhi. Nimepika shughuli miaka thelathini na mbili, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa Mombasa nilikoolewa, na iliyobaki Tanga kwetu na hapa Magomeni ninapokaa sasa. Ubishi wa watu nimeusikia nikiwa na mwiko mkononi, na nimezoea kuuliza maswali kabla ya kuonja. Mtanivumilia.

*Shikamoo Bi Mpishi. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nipo Mwanza, najipikia mwenyewe. Jumapili niliwaalika wafanyakazi wenzangu wanne nikawapikia pilau ya nyama. Mmoja wao, mtu wa Bagamoyo, alipoona maganda ya nyanya kwenye sahani aliweka kijiko chini akasema hii si pilau, ni wali wa nyanya, na kwao ningefukuzwa jikoni. Wengine wakanitetea, wengine wakamuunga mkono, chakula kikapoa tunabishana. Yeye hakula kabisa. Je, pilau inatiwa nyanya au haitiwi?*
*Mpishi wa Jumapili, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Mie sitii. Lakini sababu yangu si hiyo ya rafiki yako.

Wanaokataa nyanya husema si asili. Asili ipi? Karafuu tunayojivunia ilitoka visiwa vya Indonesia, na mashamba ya Unguja na Pemba yalianza kupandwa karne ya 19 tu. Kiazi, ambacho Mombasa ukipika pilau bila yeye watu wanakuuliza kama mmeishiwa, kimetoka Amerika, na nyanya nayo imetoka huko huko. Sasa mmoja mmemkaribisha ndani na mwenzake mnamfungia mlango? Hata neno pilau tumelipokea kwa Waajemi na Wahindi.

Hoja yangu mie ni maji. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu. Unakikata chembamba, sawasawa, unakitia kwenye mafuta yasiyo bahili, unakikaanga moto wa wastani huku unageuza, mpaka kipite manjano, kipite hudhurungi, kifike rangi ya tende. Ukichelewa kidogo kinaungua na sufuria zima linakuwa chungu. Ukiwahi, unapata wali mweupe unaonukia bizari. Kwa kilo mbili za vitunguu unasimama pale nusu saa nzima, macho yanatoka machozi, mkono hautui. Hapo ndipo wengi wanapochoka, na aliyechoka huitafutia pilau rangi mahali pengine. Anatia nyanya. Nyanya inakuja na maji ambayo hukuyapima, na inakuja na uchachu unaoimeza hiliki. Na kama mchele wako ni ule wa Kyela uliovunwa juzijuzi, ambao wenyewe hautaki maji mengi, nyanya nne tu zinakutosha kupata bwabwa.

Kwa hiyo mwanangu nakuuliza, kitunguu ulikifikisha wapi? Nijibu ukweli, hakuna anayetusikia.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo sipendi kulisema. Mwaka mmoja nilichukuliwa kutoka Mombasa kwenda kupika harusi Nakuru. Mashangazi wa bwana harusi walipoona natia mchele bila nyanya waliniuliza kwa upole kama nimesahau. Nikawaambia sikusahau. Wakaenda nyuma ya nyumba, wakateleka sufuria lao, wakatia nyanya, pilipili hoho na bizari kidogo sana. Watu walipopakuliwa, sufuria lao ndilo lililoisha kwanza. Langu lilibaki robo nzima, nami nililipika kwa namna ambayo hata bibi zangu wangenisifu. Niliumia. Jioni, tukiosha vyombo, nikaona kilichotokea. Wale watu hula wali wao peke yake kwenye sahani, wanautaka uwe na unyevu, ushuke wenyewe. Pilau yangu ni kavu, punje moja moja, inasubiri kachumbari, ndizi mbivu na urojo wa pilipili pembeni, na siku ile kachumbari ilichelewa kutoka. Mie nilikuwa nimepika nusu ya chakula, wao wamepika chakula kizima.

Kwa hiyo pilau yako inaitwa pilau, mwenye kuipika kaipa jina lake. Nikija kwako nitaila, na kimoyomoyo nitasema angekaanga kitunguu.

Ila huyo rafiki yako simwachi. Kwetu mgeni akiletewa asichokipenda anakula matonge matatu, anasifia kachumbari, anaomba maji, na akifika kwake anasema atakavyo. Kuweka kijiko chini mbele ya mtu aliyeamka asubuhi kukupikia ni utovu wa adabu, uwe umetoka Bagamoyo au Baghdad. Mwambie Jumapili ijayo zamu yake. Wewe nunua mkaa na nyama, yeye apike, na mkae mkimtazama akikaanga kitunguu. Nyanya zako zikate kwenye kachumbari, usizitupe.

*Bi Mpishi, shikamoo. Mama yangu mdogo wa Pangani alinipigia simu akasema, "Maulidi ni usiku wa Jumamosi, usikose." Nikaomba ruhusa kazini, Jumamosi asubuhi nikapanda basi, nikafika alasiri nimebeba zawadi. Nikakuta majamvi yanakung'utwa na masufuria yameinamishwa uani. Maulidi yalisomwa jana yake. Mama mdogo anasema nilifanya makusudi kwa sababu ya maneno yaliyopita, na sasa hapokei simu yangu. Mume wangu anasema kosa ni lake, aliyesema Jumamosi ni yeye. Nani mwenye kosa?*
*Mwana Mkosefu, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari. Mume wako ananipa kazi, maana nitamkosoa naye hayupo.

Mama mdogo wako alisema sawasawa. Kwa watu wetu wa pwani, siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Jua la Ijumaa likishachwa, tumeshaingia Jumamosi, na usiku ule ndio usiku wa Jumamosi. Ukitaka ushahidi, angalia mwezi wa Ramadhani. Mwezi ukiandama leo magharibi, tarawehe inasaliwa usiku huu huu, ingawa saumu ya kwanza ni kesho. Hata saa zetu zinakwenda hivyo. Jua linazama saa kumi na mbili, tunaanza upya, saa moja, saa mbili. Redioni na magazetini wameliona tatizo hilo ndiyo maana wanasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", mtu asipotee.

Na wewe pia ulielewa sawasawa. Umekulia mjini, usiku kwako ni mkia wa mchana, na siku inageuka saa sita za usiku simu inapobadilisha tarehe. Wewe na mama mdogo mlitamka neno moja, kila mtu akaondoka na siku yake.

Sikucheki, maana mie nimepatikana na saa. Nilikatiwa tiketi ya basi la Tanga imeandikwa 12:00, nami nimezoea kuisoma saa kwa Kiswahili, nikafika stendi alfajiri, kiza bado, nina kikapu cha vitumbua. Kumbe yule kijana aliyeandika alikuwa ameandika kama simu yake, saa sita za mchana. Nilikaa kwenye benchi saa sita kamili na vitumbua vyote niliuza pale pale. Tangu siku hiyo sikubali namba peke yake. Nauliza, jua litakuwa wapi? Litakuwa halijatoka, au litakuwa utosini? Kwetu huku jua halina mambo mengi, mwaka mzima linachomoza karibu na saa kumi na mbili, halichezi hata saa nzima, kwa hiyo ukiniambia jua lilipo nimekuelewa.

Na wewe fanya hivyo hivyo na mama mdogo. "Ijumaa magharibi tukishasali?" Basi, limekwisha.

Sasa hilo la kununa. Usimpigie tena simu. Mtu aliyepika kwa ajili ya wageni mia, akawa anatazama mlangoni kila pikipiki ikisimama, hatulizwi kwa simu. Panda basi, nenda na kilo tano za mchele wa Kilombero, maana huko kwenu ndiko ulipo, ingia mlango wa uani, sio wa mbele. Usianze kumfundisha hesabu ya siku. Mwambie pole kwa shughuli, kaa naye mchambue mchele. Kuhusu "maneno yaliyopita" hukuniandikia ni yapi, lakini nahisi ndiyo hasa yanayomnunisha, na maulidi yamepata kubebeshwa tu. Mume wako mwache Morogoro.

*Bi Mpishi, hujambo. Mimi ni fundi magari Arusha. Fundi mwenzetu ametoka Kenya, mtu mwema sana. Wiki iliyopita alikuja asubuhi amejaa furaha akasema, "Bibi yangu amejifungua, mtoto msichana!" Gereji nzima tulianguka kicheko, mmoja akamuuliza babu yake anaendeleaje. Alinuna hadi leo. Sisi tunasema Kiswahili cha Kenya ni kibovu, yeye anasema sisi ndio tunaojifanya tumekitunga. Tunaomba useme ukweli ili tumalize.*
*Spana Namba Kumi, Arusha*

Sijambo mwanangu. Mtoto amezaliwa wiki iliyopita, nanyi mmeniandikia mimi barua. Mmempelekea nini mzazi? Mkimaliza kusoma hapa, mchangishane, mnunue khanga, sabuni, na unga wa uji.

Sasa neno lenyewe. Kenya wengi wakisema bibi wanamaanisha mke, na mama wa mama wanamwita nyanya. Sisi bibi kwetu ni huyo mama wa mama, na nyanya tunaikata kwenye kachumbari. Lakini kabla hamjacheka tena, nendeni mkachukue kadi yoyote ya harusi hapo Arusha. Imeandikwaje juu? "Bwana na Bibi fulani wanayo furaha kukualika." Huyo bibi ni nani, ajuza? Na msichana wa miaka ishirini na mbili anayeingia ukumbini na shela mnamwitaje? Bibi harusi. Mnalitumia neno hilo hilo kwa maana hiyo hiyo, ila mmelivisha suti.

Mie nilipofika Mombasa, wiki ya kwanza kabisa, natafuta nyanya nipike mchuzi. Nikamuuliza mavyaa wangu, "Mama, nyanya ziko wapi?" Akanitazama, akaweka kawa chini, akasema kwa huruma, "Mmoja yuko Malindi, mwengine alikufa zamani." Akadhani nauliza ukoo wa mume, na kwa lugha mbovu. Ile niliyokuwa naitaka wao walikuwa wanaiita tungule, na kumbe Unguja nako wanaiita hivyo hivyo. Sasa nani alikuwa na Kiswahili kibovu jikoni mle, mie au mama aliyezaliwa Mji wa Kale?

Watu wa Mombasa wana donge lao, nami siwalaumu. Ulipofanyika mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishia Kiswahili, mwaka 1928, ulifanyika kwao, Mombasa, na lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Yaani harusi nyumbani kwako, bibi harusi wa jirani. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na vitabu vya shule vikafuata Kiunguja. Kimvita, chenye mashairi ya tangu enzi na enzi, kikaambiwa ni lahaja. Walichagua kwa sababu zao, na sanifu tumeinufaika sote, mie mwenyewe naandika hivi nikisomeka Kigoma hadi Lamu. Lakini uchaguzi si hukumu kwamba wengine walikuwa wanakosea.

Haya, msinifanye mtakatifu. Mtu akiniambia "chakula yangu" namrekebisha hapo hapo, hata akiwa mgeni rasmi. Sina haya. Ila "bibi yangu amejifungua" ni sentensi iliyonyooka kuliko nyingi ninazosikia hapa Magomeni. Alichokosa mwenzenu ni mtu wa kumwambia hongera.

*Mume wangu anataka dona kila siku, mimi na watoto tunataka sembe. Tumegombana hadi kwa majirani. Ipi bora?*
*Mama wa Watatu, Dodoma*

Dona ina kiini na pumba ambavyo sembe imevipoteza kwenye kukoboa, kwa hiyo kwa mwili mume wako ana haki. Lakini kiini kina mafuta, unga wa dona unachacha upesi, na ukisagisha mahindi yenye ukungu unaula ukungu wote, hakuna kilichobaki kwenye pumba. Huko kwenu Dodoma mnakumbuka ya 2016, watu walivyokufa kwa sumukuvu. Basi anayetaka dona achague mahindi mwenyewe, ayaanike mpaka yakauke vizuri, ayachambue punje kwa punje, ayapeleke mashine kidogo kidogo, ya wiki mbili tu. Mpe ungo leo. Kama Jumamosi ya pili bado anachambua, mpikieni dona yake kwa moyo safi.

*Bi Mpishi, kila mwezi unawaamulia wengine. Wewe mwenyewe umewahi kubishana ukashindwa?*
*Mchokozi, Tanga*

Wa Tanga tu ndio angeniuliza hivi. Nimeshindwa, na nililipa doti ya kanga.

Ilikuwa Ramadhani, mwaka wangu wa pili Mombasa. Tulikuwa tunapika futari ya watu wengi, mie na mavyaa na wifi zangu wawili, na kwa kuwa tumefunga hakuna wa kuonja. Mchuzi wa samaki ulikuwa wangu. Mavyaa akapita, akafunua kifuniko, akainamia mvuke, akanusa mara moja akasema, "Mtuzi huu hauna munyu."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, chumvi hainuki. Tui linanuka, ndimu inanuka, pilipili inanuka, chumvi haina harufu, hata shuleni tulifundishwa. Akasema pua yake imepika miaka arubaini. Nikasema hata ingepika mia. Wifi zangu wakaacha kukuna nazi wakasogea. Nikaapa nimetia, nakumbuka kabisa nilivyotia. Tukawekeana doti ya kanga.

Adhana ikalia, tende, maji, watu wakasali, wakarudi, sahani zikafunuliwa. Shemeji yangu mkubwa akachovya mkate, akatafuna, akatazama huku na huku, akasema, "Munyu uko wapi?"

Siku ya pili nikaenda naye Biashara Street, akapitisha duka baada ya duka, akachagua la bei. Alilivaa Idi nzima, akija jikoni ananipa mgongo nisome maandishi. Na mie miaka yote ile nikawaambia watu, huko Tanga nimewaambia, hapa Magomeni nimewaambia, kwamba nimemwona mwanamke anayenusa chumvi. Kuna wasichana niliowafundisha kazi ambao mpaka leo wanainamia sufuria wakinusa.

Mavyaa alipofariki, Mungu amrehemu, tulikaa matangani na wifi yangu mdogo, tukamkumbuka, nikaisimulia tena ile ya pua. Wifi akanitazama hivi, akaanza kucheka mpaka akajifunika mtandio. "Pua gani?" akasema. "Pakiti ya munyu ilikuwa juu ya kabati siku nzima, haijakatwa."